Mwalimu Khasti na Kuta Mbili

Mwalimu Khasti alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, lakini darasani hakuipandisha. Hakuwa na haja. Shule ya Simalkhet, kijiji cha mlimani, ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mawe chini ya misonobari, na ndani yake waliketi watoto ishirini na watatu: darasa la kwanza, la pili na la tatu, wote kwa mwalimu mmoja. Wakubwa zaidi ya hao walishuka kila asubuhi hadi shule ya barabarani. Zamani walimu walikuwa wawili. Mwenzake alistaafu, akavishwa shada la maua, akaenda zake, na ofisi ikasahau kumleta mwingine.

Alikuwa na mikeka minne. Mtoto hakukaa kwa umri wala kwa darasa, alikaa kwa kazi ya siku hiyo. Kwenye mkeka wa kusoma ungemkuta mtoto wa miaka sita na wa miaka tisa wameinamia kitabu kimoja, mdogo anafuata kwa kidole na mkubwa anasahihisha. Kwenye mkeka wa hesabu walihesabu mbegu za soya nyeusi, wakichoka wanazitafuna. Khasti alizunguka katikati yao na mundu wake ukiwa umechomekwa kiunoni, maana akitoka shule alipitia majani ya ng'ombe.

Namna ile ya kufundisha hakuisoma chuoni. Alizaliwa katika nyumba ya waashi, na alipokuwa mdogo watoto wa waashi na wahunzi, tabaka lililohesabiwa najisi kuguswa, hawakuingia darasani. Waliketi barazani, juu ya magunia waliyokuja nayo, na mwalimu aliwatupia chaki badala ya kuwapa mkononi. Ubao hakuuona. Aliona mlango na mgongo wa mwalimu. Lakini masomo ya madarasa yote matatu yalitokea mlango uleule, na Khasti, aliyekuwa wa darasa la kwanza, aliyachukua yote kama yalivyokuja. Siku ya mtihani aliambiwa ahesabu hadi ishirini. Akahesabu, kisha kwa furaha akaendelea na jedwali la saba mpaka mwisho.

"Nani kakufundisha hiyo?" mwalimu akauliza. "Hiyo ni ya darasa la tatu."

"Hakuna."

"Basi umeiba somo la wenzako." Akamchapa fimbo mbili za kiganja.

Khasti akakunja kiganja, akamtazama usoni. "Kama nimeiba, lichukue."

Akaongezwa ya tatu. Alikuwa na miaka saba.

Aliposoma mpaka mwisho, akafaulu ualimu na kupangiwa kijiji kilekile, kitu cha kwanza alichofanya ni kuwaingiza wote ndani. Wazee wengine walinung'unika. Aliwaacha wanung'unike. Mumewe, Jagat, alikuwa mpishi wa hoteli huko mabondeni kwenye joto, akipiga simu Jumapili. Kila mara alimuuliza, "Leo umegombana na nani?" Naye Khasti alikuwa na jibu.

Mwaka huo, theluji ilipoanza kuyeyuka, alikuja Bwana Lohani, ofisa elimu mpya wa tarafa. Gari lake liliishia pale barabara inapoishia, akapanda mlima kwa miguu. Alifika anahema, suruali ina tope hadi magotini. Khasti alimpa chai na kipande cha sukari guru. Ofisa akasema asante, ameshakunywa. Khasti akamwelewa. Akainywa mwenyewe chai ile, mbele yake, taratibu.

Ofisa akasimama mlangoni. "Darasa la kwanza liko wapi?"

Mikono saba ikanyooshwa kutoka mikeka yote minne.

"La pili?"

Mikono mingine, huku na kule.

Bwana Lohani akamgeukia Khasti. "Hili si darasa. Hii ni harusi. Kila mtu kakaa alipopata nafasi."

"Harusini watu wanashiba, mheshimiwa," Khasti akasema. "Na hawa wanashiba."

"Wanashiba nini? Nionyeshe mmoja."

Khasti akamwita Gopu, wa darasa la kwanza, mtoto wa miaka sita mwenye kofia ya sufu iliyomzidi kichwa. Ofisa alitafuta kitu cha kumsomesha, akampa waraka aliokuja nao. Gopu aliusogeza karibu na pua.

"'Kila... darasa... lita-te-nga-ni-shwa... kwa... ukuta.'" Akainua kichwa. "Mwalimu, ukuta wa nini?"

"Amekariri," ofisa akasema.

"Amekariri saa ngapi?" Ilikuwa sauti ya Bimla, kutoka nyuma. "Si umeuleta sasa hivi?"

Watoto wakaangua kicheko. Bimla alikuwa wa darasa la tatu, ana miaka kumi, mdomo mwepesi, lakini kusoma kulimpa shida. Khasti alimkazia macho anyamaze, ila hakumkemea.

Bwana Lohani alichukua waraka wake, akaukunja mara nne. Akaeleza kwamba shule zote za tarafa zilizochanganya madarasa zinatengenezwa. Hapa zitajengwa kuta mbili, vitapatikana vyumba vitatu, kila darasa na chumba chake. Fedha zimeshatoka na kazi lazima iishe kabla ya mwisho wa Machi.

"Vizuri," Khasti akasema. "Na walimu wawili wa hivyo vyumba vingine, nao wametoka?"

"Walimu ni idara nyingine."

"Watakuja lini?"

"Kwanza kuta, mwalimu. Kila kitu kina utaratibu wake."

"Basi nitajigawa mara tatu kwa utaratibu gani?"

Ofisa aliandika kitu kwenye daftari lake na kuanza kuteremka, akishika miti ili asiteleze.

Mkandarasi alikuwa mtu wa mjini, lakini fundi alimpata palepale kijijini: Dungar, mtoto wa baba mdogo wa Khasti, mwashi aliyejulikana mabonde matatu kwa mkono wake ulionyooka. Siku aliyoleta mwiko na timazi alisimama uani kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Dada, mimi sikuleta ukuta huu. Nimeletewa kazi."

"Jenga, Dungar. Watoto wako wanakula kwa mikono yako, siwezi kukukataza."

"Umekasirika?"

"Sana. Lakini si na wewe. Ukishuka kula njoo nyumbani, kuna mkate wa ulezi."

Siku tisa alijenga, na siku tisa Khasti alifundisha nje juani, mikeka ikiwa imetandikwa kwenye matuta ya shamba lililolala. Kuta zilipokamilika, kila ukuta na mlango mwembamba pembeni, kila mtu alikiri kwamba zimenyooka. Tatizo lilikuwa jingine. Chumba kile kirefu kilikuwa na madirisha mawili tu, moja kila mwisho. Sasa darasa la kwanza lilipata dirisha, la tatu likapata dirisha, na la pili likabaki katikati kwenye giza. Watoto wa darasa la pili walisogeza vitabu mpaka kizingiti cha mlango, wakasoma wamelala kifudifudi, nusu ndani nusu nje.

Na Khasti akaanza kukimbia. Akiwa na wadogo, wakubwa walirushiana viatu. Akienda kwa wakubwa, wadogo wanalia. Siku moja aliporudi chumba cha kwanza alimkuta Gopu amekaa kwenye mkojo wake, kimya, machozi yamemkauka mashavuni. Zamani Bimla angemwona kabla ya mtu yeyote, angemshika mkono, angempeleka nje na kumtania mpaka acheke. Sasa kati ya Gopu na Bimla kulikuwa na mawe unene wa dhiraa moja, mara mbili.

Kisha Bimla mwenyewe akaacha kuja.

Siku ya nne Khasti alikwenda kwao. Mama yake, Debuli, alikuwa anapepeta nafaka uani.

"Anasema tumbo," Debuli akasema. "Tumbo gani hilo, dada, linauma saa mbili na kupona saa nane? Mwite mwenyewe umuulize, mimi nimechoka."

Bimla alijitokeza, akasimama nyuma ya nguzo.

"Tumbo linaendeleaje?" Khasti akauliza.

"Sina tumbo." Mtoto alikuwa anakwangua nguzo kwa ukucha. "Kule chumbani tuko sita, na wote wanajua kusoma. Nikifungua mdomo wananicheka. Zamani nilikuwa nawasomea wadogo vitabu vyao vyepesi. Kila mtu alidhani nafundisha. Kumbe nilikuwa najifunza humohumo na hakuna aliyejua."

"Mimi nilijua."

Bimla akamtazama. "Ulijua?"

"Kwani nani alikuwa anakupa vile vitabu?"

Debuli aliacha kupepeta. Alikuwa hajui kusoma hata jina lake, na hakupenda binti yake amwone akilia, kwa hiyo alijifanya makapi yamemwingia machoni.

Khasti aliandika barua. Hakupata jibu. Akaandika ya pili, akaeleza habari ya giza, akachora na mchoro wa madirisha. Kimya. Ya tatu aliipeleka mwenyewe. Alitoka alfajiri, akashuka hadi barabarani, akapanda lori la maziwa hadi mji wa tarafa, akaketi kwenye benchi la ofisi tangu saa tatu mpaka saa saba.

Bwana Lohani alimpokea akiwa anatia saini makaratasi mengine. "Mwalimu Khasti, wenzako wanaililia ofisi hii wajengewe kuta. Wewe umepewa, unalalamika."

"Chumba cha kati ni kiza, mheshimiwa. Njoo usome ndani yake ukurasa mmoja tu. Ukiweza, nitanyamaza."

"Dirisha litaombwa bajeti ijayo."

"Na walimu?"

"Nimeshakuambia, idara nyingine."

"Basi nitazibomoa."

Kalamu ikasimama. "Utafanya nini?"

"Nitazibomoa hizo kuta."

Ofisa alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyefarijika, kama vile sasa ameshaelewa kwamba anaongea na mwendawazimu. "Leta kwa maandishi," akasema, akarudi kwenye makaratasi yake.

Khasti akatoka. Kwenye meza ya karani aliomba karatasi, akaandika kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, herufi kubwa za duara: *Mimi Khasti Arya, mwalimu wa Simalkhet, naarifu kwamba siku ya Jumatatu saa nne asubuhi nitabomoa kuta mbili zilizojengwa ndani ya darasa, kwa sababu zinawazuia watoto kusoma.* Akatia saini, akatengeneza na nakala. Karani alikuwa anakula karanga na kuzungumza kwenye simu. Alivuta karatasi zote mbili bila kuzitazama, akapiga mhuri wa kupokelewa, pa, pa, akamrudishia nakala.

"Asante, baba," Khasti akasema.

Jumapili Jagat alipopiga simu, Khasti alimsomea barua yote. Kule upande wa pili sufuria zilikuwa zikigongana.

"Watakufukuza kazi," mumewe akasema.

"Labda."

"Ungesubiri kidogo. Ungefanya jioni, watu wakiwa majumbani. Nani angejua ni nani?"

"Jagat, sitaki kubomoa kama mwizi. Nataka waone."

"Haya. Vaa viatu, basi, mawe yasikuangukie vidoleni."

Jumatatu palikuwa na jua. Khasti aliwatoa watoto nje, akawaweka mbali chini ya misonobari, akawapa kazi ya kuandika. Alikuwa amedhani atakuwa peke yake na nyundo ya kuazima. Lakini Debuli alikuja na mtaimbo begani, na nyuma yake wanawake kumi na mmoja waliokuwa njiani kwenda kukata majani, mikoba mitupu migongoni. Hata mama mkwe wa Debuli alikuja, ajuza mwenye pete ya puani, ingawa alisimama kando na kutangaza kwamba yeye kaja kutazama tu.

Khasti aliinua nyundo na kupiga pigo la kwanza katikati ya ukuta. Nyundo ikaruka na kumtetemesha mpaka mabegani. Ukuta ulibaki vilevile.

"Acheni! Acheni hapohapo!"

Ni Dungar, anakuja mbio kutoka kwenye matuta, kilemba mkononi. Wanawake wakajipanga mlangoni. Debuli akaweka mtaimbo mbele yake. "We Dungar, ukija kutuzuia leo utaipata."

"Nani anawazuia? Mnataka kufa nyie? Ukuta nimeushikanisha na boriti ya paa, mkiubomoa kwa katikati paa lote la mawe linawashukia vichwani!" Alipenya katikati yao, akaweka kiganja juu ya ukuta kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Siku tisa, dada. Siku tisa, na hakuna jiwe lililopinda."

"Najua. Hakuna mwingine ambaye angejenga hivi."

"Mkandarasi hatanipa kazi tena."

"Na hilo najua. Rudi nyumbani, Dungar. Waambie hukuwapo."

Dungar aliutazama ukuta, akamtazama dada yake, akatema mate nje ya mlango. "Nirudi halafu muuharibu ovyo? Nipe ngazi. Unaanzia juu. Jiwe moja moja. Na nyie mama, pangeni mstari, msitupe mawe, mawe haya nimeyachonga."

Wakapanga mstari kutoka ndani hadi uani, na mawe yakaanza kupita mkono kwa mkono. Baada ya saa moja ajuza alichoka kutazama, akaingia kwenye mstari karibu na Khasti. Lakini hakumpa jiwe mkononi. Aliliweka chini, na Khasti akaliokota. Jiwe baada ya jiwe, hivyo hivyo, mpaka adhuhuri. Debuli aliona, akataka kumwambia neno. Khasti alimtikisia kichwa. Siku hiyo alikuwa na ukuta mmoja wa kuvunja kwa wakati mmoja, na mawe yalikuwa yanatoka.

Jioni chumba kilikuwa kirefu tena, na vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga kutoka dirisha hadi dirisha. Kwa mawe yale Dungar alijenga ukuta wa choo cha wasichana, ambao mpaka siku hiyo ulikuwa wa gunia tu. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa ananung'unika muda wote kwamba hawezi kuacha mawe mazuri yakae bure kama kokoto.

Bwana Lohani alifika Alhamisi, mara hii na karani. Alisimama mlangoni, akatazama mikeka minne, uso ukamwiva.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa sikupewa. Taarifa nilitoa." Khasti alimpa nakala. Ofisa aliisoma, akafika kwenye mhuri, akamgeukia karani. Karani akawa anautazama mlima.

"Hii ni mali ya serikali uliyobomoa!"

"Ipo yote, mheshimiwa. Hakuna jiwe lililopotea. Imekuwa choo. Karibu uitumie."

Watoto hawakucheka mara hii. Waliona mwalimu wao amesimama peke yake mbele ya watu wawili wa ofisi. Bimla, aliyekuwa amerudi tangu Jumanne, aliinuka kutoka mkeka wa wadogo, akaja akasimama karibu na Khasti, kitabu cha darasa la kwanza mkononi. Kisha Gopu akaja. Kisha wote.

Adhabu ilikuja kwa posta: karipio kwenye faili, nyongeza ya mshahara kusimamishwa miaka mitatu, na uhamisho kwenda shule iliyo nyuma ya milima miwili. Khasti alijibu kwa neno moja: *Sihami.* Wakamkatia mshahara. Mwaka mmoja na miezi mitano alifundisha bila kulipwa, akila alichopanda na alichotuma Jagat. Wanawake waliokuja kubomoa walimletea maziwa, unga na maharage bila kusema ni ya nini, wakaviacha mlangoni kama vile vimesahauliwa.

Jambo ambalo ofisi haikulifikiria ni hili: kwa kuwa Khasti alikuwa amehamishwa kwenye karatasi, Simalkhet kwenye karatasi haikuwa na mwalimu. Basi idara nyingine, ile ile ya siku zote, ikaamka na kupanga mwalimu mpya. Mwezi wa Septemba alipanda mlima kijana mmoja aitwaye Lalit, na begi la nguo na redio, akamkuta Khasti ubaoni.

"Nimeambiwa hapa hakuna mtu," Lalit akasema.

"Umeambiwa uongo. Unajua kufundisha hesabu?"

"Najua."

"Mkeka ule pale, karibu na dirisha. Wanakusubiri."

Lalit alikaa. Mwaka mmoja ulipita kabla ofisi haijagundua kwamba Simalkhet ina walimu wawili, na wakati huo Bwana Lohani alikuwa ameshahamishwa yeye mwenyewe. Ofisa aliyemfuata alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Alifuta uhamisho, akamlipa Khasti mshahara aliokatiwa, akawaacha wote wawili. Nyongeza hakuirudisha, na karipio likabaki.

Bimla alimaliza darasa la tatu akiwa na miaka kumi na mmoja na nusu, akashuka shule ya barabarani. Hakuwa wa kwanza wala wa pili. Alisoma mpaka akamaliza, na siku hizi ndiye anayeendesha duka la dawa za mifugo pale barabarani, akiwasomea wateja maandishi ya kwenye chupa kwa sauti kubwa, wapende wasipende. Dungar hakupata kazi ya serikali tena kwa muda mrefu. Alijenga nyumba za watu.

Khasti alipokaribia kustaafu, Lalit alimwandikia barua ya kuomba lile karipio lifutwe. Alimweleza kwamba sasa inawezekana, kwamba maofisa wa sasa ni waelewa, kwamba pensheni yake itaongezeka kidogo. Alichapa vizuri, akaacha nafasi ya saini. Khasti alivaa miwani, akaisoma barua yote mpaka chini. Ilisema kwamba tendo lile lilifanyika kwa kutoelewa taratibu, na kwamba mwombaji anajuta.

"Umeandika vizuri," akasema, akamrudishia.

"Hutaki kutia saini?"

"Taratibu nilizielewa, mwanangu. Na sijuti hata chembe. Likae hukohuko kwenye faili, wakilisoma wajue nilibomoa."

Akavua miwani, akaenda kuwaita watoto waingie.